Hodi Isiyoitikiwa: Historia ya Uthibitishaji baina ya Programu za Nakala Rudufu na Vifaa vya Hifadhi, 1961 hadi 2024

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya tatizo la kawaida katika vyumba vya seva: programu ya nakala rudufu inajitambulisha kwa kifaa cha hifadhi, nacho kinaikataa. Mara nyingi tatizo hili hutazamwa kama hitilafu ya siku hiyo, na tiba yake huwa kubadilisha nenosiri au kulegeza masharti ya usalama mpaka kazi ipite. Makala yanadai kwamba kukataliwa huko ni matokeo ya matabaka ya kihistoria. Kila kizazi cha itifaki kilijengwa juu ya dhana yake kuhusu nani wa kuaminiwa, na mashine za vizazi tofauti hulazimika kukutana katika mtandao mmoja. Kwa kupitia vipindi vikuu tangu nenosiri la MIT la mwaka 1961 hadi mabadiliko ya Windows ya mwaka 2024, makala yanaonesha kwamba anayeijua historia ya mlango hutambua upesi ni komeo lipi lililokwama, wala halazimiki kuung'oa mlango mzima.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika mifumo ya kompyuta, methali hiyo ina sharti: akiba lazima iwekwe kila siku, na mwekaji ni programu inayoamka usiku wa manane wakati hakuna mtu ofisini. Programu hiyo hubisha hodi kwenye kifaa cha hifadhi, hujitaja, hutoa siri yake, kisha huruhusiwa kuandika. Ikikataliwa, kinachobaki ni mstari mmoja katika kumbukumbu za matukio: kuingia kumeshindikana. Asubuhi yake kazi huendelea kama kawaida. Wanafunzi husajiliwa, wagonjwa hupokelewa, mishahara hulipwa. Hasara hujulikana siku data asilia inapopotea, na siku hiyo huwa hakuna tena la kurekebisha.

Hatari ya ukimya huo ilidhihirika Januari 31, 2017 katika kampuni ya GitLab, ambako mhandisi alifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata kuu. Ripoti iliyochapishwa na kampuni yenyewe ilieleza kwamba utaratibu wa kila siku wa kunakili hifadhidata ulikuwa ukishindwa kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikulingana na toleo la hifadhidata. Barua pepe za onyo nazo zilikuwa zikikataliwa na mpokeaji kwa kuwa hazikutimiza masharti ya DMARC, utaratibu wa kuthibitisha mtumaji wa barua. Data za takriban saa sita zilipotea. Tukio hilo lina funzo mara mbili: nakala ilishindwa kwa sababu mashine mbili zilikuwa za nyakati tofauti, na onyo lilishindwa kwa sababu mjumbe hakuweza kuthibitisha yeye ni nani.

Kwa nchi za Afrika Mashariki suala hili limekuwa pia la kisheria. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Chuo, hospitali au benki inayotunza taarifa za watu ina wajibu wa kuzilinda zisivuje na zisipotee. Wajibu huo wa pande mbili ndio kiini cha makala haya. Fundi anayekaza mlango kupita kiasi huweza kuizuia nakala isiandikwe. Anayeulegeza ili nakala ipite huweza kumwingiza mwizi.

Kabla ya kuendelea, inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Utambulisho ni mgeni kusema yeye ni nani. Uthibitishaji ni mwenyeji kuhakikisha kwamba anayesema hivyo ni yeye kweli. Idhini ni uamuzi wa chumba gani aingie na afanye nini humo. Maneno "umekataliwa" huweza kutoka katika hatua yoyote kati ya hizo, na kila hatua ina historia yake.

2.0 Nenosiri na Mgeni Asiye Mtu

Nenosiri la kompyuta lilianza kwa watu waliotumia mashine moja. Mwezi Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT nchini Marekani walionesha mfumo wa CTSS, ulioruhusu watu wengi kugawana muda wa kompyuta moja. Kwa kuwa kila mtumiaji alikuwa na mafaili yake na mgawo wake wa muda, kila mmoja alipewa nenosiri. Udhaifu ulionekana mapema. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi ya mgawo wake, aliomba faili la manenosiri lichapishwe, na lilichapishwa. Miaka michache baadaye mafaili mawili yalibadilishana nafasi kimakosa, na kila aliyeingia alioneshwa manenosiri ya watu wote badala ya tangazo la siku.

Jibu lilitoka Cambridge, Uingereza, ambako Roger Needham alipendekeza kwamba mashine isitunze nenosiri lenyewe, bali zao la hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma. Robert Morris na Ken Thompson waliieleza njia hiyo kwa kina mwaka 1979 walipoandika kuhusu mfumo wa Unix, ambamo kila nenosiri liliongezwa "chumvi", yaani namba ya bahati nasibu, ili maneno mawili yaliyo sawa yasitoe zao moja. Tangu hapo mwenyeji hajui siri ya mgeni; anajua tu kwamba alichopewa kinalingana au hakilingani. Baadaye ikawa desturi pia kwamba jibu la kukataa lisiseme kama kilichokosewa ni jina au nenosiri, ili mdukuzi asipate fununu. Ndiyo sababu ujumbe anaoupata fundi upande wa programu ni mfupi na mkavu. Maelezo kamili hubaki upande wa pili, katika kumbukumbu za kifaa au za seva ya kikoa, na huko ndiko kwa kuanzia kusoma.

Hata hivyo, nenosiri lilibuniwa kwa ajili ya mtu anayelikumbuka kichwani. Programu ya nakala rudufu haina kichwa, na saa nane za usiku hakuna wa kuiandikia. Lazima itunze siri yake kwa namna inayoweza kusomeka tena. Hivyo siri moja hukaa mahali pawili, na panapobadilika pamoja pa pili pasibadilike, hodi haiitikiwi. Chanzo cha kawaida cha mfarakano huo kilikuwa kanuni ya kubadilisha manenosiri kila baada ya miezi michache. Mwongozo wa mwaka 2003 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulioandikwa na Bill Burr, ulichangia kuieneza desturi hiyo. Mwaka 2017 NIST iliachana nayo, na Burr mwenyewe akakiri hadharani kwamba alijutia sehemu kubwa ya alichokiandika. Katika kipindi hicho cha miaka 14, akaunti za huduma, yaani akaunti zinazotumiwa na programu, mara nyingi zilikumbwa na muhula uliokusudiwa binadamu. Nenosiri lilikwisha muda, programu iliendelea kujaribu lile la zamani, na baada ya majaribio kadhaa akaunti ilifungwa. Fundi aliyeifungua bila kutafuta ni programu ipi bado inatumia siri ya zamani aliikuta imefungwa tena kabla ya jioni.

3.0 Mtandao wa Majirani na Kuzaliwa kwa Kifaa cha Hifadhi

Katikati ya miaka ya 1980, kampuni ya Sun Microsystems ilileta NFS, itifaki ya kushirikiana mafaili kupitia mtandao. Katika namna yake ya awali, kompyuta ya mteja ilitaja namba ya mtumiaji, na seva iliiamini. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi kwa wakati wake. Maabara ilikuwa na mashine chache zilizosimamiwa na mtu mmoja, kama majirani wanaoachiana milango wazi. Tahadhari moja iliwekwa: mteja akijitaja kwa namba 0, namba ya msimamizi mkuu, seva humgeuza kuwa mtu asiye na cheo. Kanuni hiyo ingali hai. Programu ya nakala rudufu inayoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu huunganishwa na kifaa bila tatizo, kisha hunyimwa ruhusa ya kuandika. Wengi huliita hilo tatizo la kuingia, ilhali ni suala la idhini, na kubadilisha nenosiri hakutalitatua kamwe.

Kutokana na NFS palizaliwa vifaa vya hifadhi, yaani kompyuta zilizopunguzwa kazi zote isipokuwa kutunza na kugawa mafaili. Auspex ilianzishwa mwaka 1987, na Network Appliance, iliyokuja kuitwa NetApp, ilianzishwa mwaka 1992 na David Hitz, James Lau na Michael Malcolm. Ufinyu wa kazi ulivipa vifaa hivi kasi na utulivu, lakini ulileta shida mpya: msimamizi hakuweza kusakinisha programu ya nakala rudufu ndani yake kama alivyofanya katika seva ya kawaida. Mwaka 1996 Network Appliance na kampuni ya Intelliguard zilibuni NDMP, itifaki inayoiwezesha programu iliyo nje kukiamuru kifaa kitume data zake moja kwa moja kwenye tepu za sumaku.

NDMP ndiyo iliyowaweka wahusika wawili wa makala haya uso kwa uso. Ilikuwa na mlango wake, bandari namba 10000, na njia kuu mbili za kujithibitisha: kutuma nenosiri wazi, au kujibu fumbo la kifaa kwa kutumia kanuni ya MD5. Upande mmoja ukisisitiza njia ya kwanza na mwingine ya pili, nenosiri sahihi hukataliwa. Zaidi ya hayo, mlango huu haukuwa lazima ufunguliwe kwa ufunguo wa mlango mkuu. Katika vifaa vya NetApp, kwa mfano, mtumiaji asiye msimamizi mkuu huzalishiwa na kifaa nenosiri maalumu la NDMP. Fundi anayeingia bila shida kwenye ukurasa wa usimamizi, kisha akaweka nenosiri lilelile katika programu ya nakala, hushangaa kuona limekataliwa. Siri yake ni sahihi, ila ni ya mlango mwingine.

Mwaka huohuo wa 1996 ilichapishwa tena, kwa sura iliyoboreshwa, itifaki ya CHAP, iliyotumika kuthibitisha waliounganishwa kwa simu. Iliporasimishwa iSCSI mwaka 2004, itifaki inayobeba diski kupitia mtandao wa kawaida, CHAP ilichukuliwa kuwa njia yake ya uthibitishaji. Programu ya Microsoft ya kuunganisha iSCSI ilidai siri yenye herufi 12 hadi 16, ilhali watengenezaji wengine waliweka mipaka yao. Siri ya herufi nane inayokubaliwa na kifaa hukataliwa na seva. Uthibitishaji ukiwa wa pande mbili, siri ya kwenda na siri ya kurudi hazitakiwi kufanana. Mambo haya hayana uhusiano na uzembe wa mtumiaji. Ni mabaki ya maamuzi ya wahandisi waliokuwa wakilinda ulimwengu mwingine.

4.0 Tiketi, Majina na Saa

Dhana ya ujirani mwema haikutosha katika chuo chenye maelfu ya wanafunzi. Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walipendekeza namna ya wageni wawili kuaminiana kupitia mtu wa tatu anayeaminiwa na wote. Mwaka 1981 Dorothy Denning na Giovanni Sacco walionesha kwamba pendekezo hilo lingeweza kudanganywa kwa ujumbe wa zamani uliotumwa upya, wakashauri ujumbe utiwe muhuri wa saa. Mradi wa Athena, ulioanzishwa MIT mwaka 1983, ulizijenga fikra hizo kuwa mfumo wa Kerberos, ulioitwa kwa jina la mbwa wa vichwa vitatu anayelinda lango katika visasili vya Kigiriki. Toleo la tano lilichapishwa mwaka 1993, na Microsoft ililifanya msingi wa uthibitishaji wa kikoa katika Windows 2000.

Kerberos hufanya kazi kwa tiketi. Mgeni huthibitisha utambulisho wake kwa seva ya kikoa, hupewa tiketi ya huduma fulani, na huipeleka kwa mwenyeji bila kumwonesha nenosiri. Usalama huo ulidai mambo mawili ambayo nenosiri halikuyajali.

La kwanza ni saa. Kwa kawaida tofauti inayovumiliwa ni dakika tano; ikizidi, tiketi hukataliwa hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Kwa hiyo Kerberos ilihitaji mwenzake, itifaki ya NTP, iliyochapishwa na David Mills mwaka 1985 kwa ajili ya kusawazisha saa za mtandao. Kifaa cha hifadhi kilichotengwa na intaneti kwa sababu za usalama, bila kuelekezwa kwenye seva ya saa ya ndani, huteleza sekunde kidogo kila siku mpaka usiku mmoja nakala zote zinakataliwa kwa pamoja.

Katika ukanda wa Afrika Mashariki kosa hili lina sura ya pekee. Kenya, Uganda na Tanzania ziko mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko mbele kwa saa mbili. Kerberos haijali saa ya ukutani. Hulinganisha saa ya dunia. Seva iliyoko Kigali na kifaa kilichoko Kampala zinaweza kuonesha saa tofauti ukutani na bado zikawa sawasawa. Kinyume chake, kifaa kilichoachwa kwenye majira ya saa ya dunia, kisha fundi wa Kampala akakipangia saa anayoiona mkononi, huonekana kwake kiko sahihi ilhali kwa Kerberos kimetangulia kwa saa tatu nzima. Kuangalia saa peke yake hakutoshi. Sharti kuangalia pia majira ambayo saa hiyo inasomwa.

La pili ni jina. Tiketi hutolewa kwa jina la huduma, si kwa anwani ya namba. Kifaa kilichobadilishwa jina, au kilichopewa jina la pili ambalo halikusajiliwa katika kikoa, hakitatambulika. Windows inapokiita kifaa kwa anwani ya namba, kwa kawaida huiacha Kerberos na kurudi kwenye njia ya zamani ya NTLM. Hivyo kuna kipimo rahisi chenye maana kubwa. Ikiwa kuingia kwa anwani ya namba kunafaulu na kuingia kwa jina kunashindikana, nenosiri halina kosa. Kosa liko kwenye saa, jina au usajili wa kifaa katika kikoa. Mambo yakiwa kinyume, yumkini NTLM imefungwa. Wengi hutumia kipimo hiki na kukifanya tiba: huacha programu ikitumia anwani ya namba milele. Kwa kufanya hivyo huirudisha ofisi nyuma kizazi kizima bila kujua.

5.0 Lugha Kongwe na Gharama Yake

Njia hiyo ya zamani ina nasaba ndefu. Mwaka 1983 Barry Feigenbaum wa IBM alibuni SMB, itifaki ya kushirikiana mafaili. Uthibitishaji wake wa awali katika mifumo ya LAN Manager uligeuza herufi zote kuwa kubwa na kulikata nenosiri katika vipande viwili vya herufi saba, kila kimoja kikivunjwa peke yake kwa urahisi. NTLM ilifuata mwaka 1993 pamoja na Windows NT, na toleo lake la pili, lenye nguvu zaidi, lilikuja mwaka 1998. Kwa ajili ya mashine za zamani, matoleo yote matatu yaliendelea kukubaliwa kwa miaka mingi.

Wakati huohuo Andrew Tridgell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alianza mwishoni mwa mwaka 1991 kazi iliyokuja kuwa Samba, programu huria inayoiwezesha Unix kuzungumza SMB. Samba iliwezesha kuundwa kwa vifaa vingi vya hifadhi vya bei nafuu, vile vinavyonunuliwa na shule, zahanati na ofisi ndogo. Ila mtengenezaji akiacha kukisasisha kifaa, Samba iliyomo ndani hubaki katika lugha ya mwaka kiliotengenezwa. Seva zinazokizunguka husonga mbele, nacho husimama.

Tarehe 12 Mei 2017 gharama ya kustahimili lugha kongwe ilijulikana dunia nzima. Kirusi cha WannaCry kilienea kupitia kasoro ya toleo la kwanza la SMB, bila kuhitaji nenosiri lolote, kikasimba data na kudai fidia. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi takriban 150 ziliathirika, na hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha huduma. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka Machi 14, miezi miwili kabla. Hata hivyo toleo la kwanza la SMB lilikuwa bado limewashwa katika mitandao mingi, na sababu moja ilikuwa kuhudumia vifaa ambavyo havikujua lugha nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kuta zilijengwa kwa gharama ya hospitali.

6.0 Kukazwa kwa Milango, 2017 hadi 2024

Baada ya hapo mwelekeo uligeuka. Mwishoni mwa mwaka 2017 Windows 10 iliacha kusakinisha toleo la kwanza la SMB katika mashine mpya, na vifaa vya zamani vikatoweka machoni pa programu za nakala. Masasisho ya Novemba 8, 2022 yalibadilisha namna seva za kikoa zinavyochagua kanuni ya usimbaji ya Kerberos, ili kuachana na RC4, kanuni ya mwaka 1987 ya Ron Rivest, na kupendelea AES. Katika baadhi ya mitandao watumiaji na huduma zilishindwa kuingia, na Microsoft ikatoa sasisho la dharura siku chache baadaye.

Kukazwa huku kulifichua visukuku. Akaunti ya huduma ambayo nenosiri lake halijabadilishwa tangu enzi za kabla ya Windows Server 2008 haina funguo za AES, kwa kuwa funguo hizo huzalishwa nenosiri linapowekwa. Kwa akaunti kama hiyo tiba ni kuweka nenosiri jipya katika kikoa na katika programu kwa wakati mmoja. Fundi asiyejua hilo huirudisha RC4 kwa mtandao mzima ili kuokoa akaunti moja. Oktoba 2024, toleo la 24H2 la Windows 11 lilianza kudai kwamba mawasiliano ya SMB yatiwe saini. Vifaa vilivyokuwa vikimpokea mtu yeyote kama mgeni asiye na nenosiri vilikataliwa, maana mgeni asiyejulikana hana saini ya kutia.

Mgeuko mwingine ulihusu nakala zenyewe. Wahalifu wa programu za fidia walijifunza kutafuta nakala rudufu kwanza, kwani mwenye akiba halipi. Kwa miongo miwili wasimamizi walifundishwa kuunganisha kila kitu kwenye kikoa kimoja. Sasa wakashauriwa kuitoa hifadhi ya nakala nje ya kikoa hicho, iwe na akaunti zake, ili aliyeteka kikoa asiteke na akiba. Ushauri huo ni sahihi, lakini unarudisha matatizo ya zamani: siri iliyotunzwa mahali pawili, jina la akaunti linalohitaji kutanguliwa na jina la kifaa, na kutegemea NTLM ambayo sehemu nyingine ya mtandao inataka kuifunga.

7.0 Historia kama Utaratibu wa Uchunguzi

Kutokana na maelezo haya, maswali ya fundi yanaweza kupangwa kwa kufuata matabaka. Kwanza, je, mlango upo na unafikika, na ni mlango uleule unaokusudiwa? Pili, je, pande mbili zinajua lugha moja, na ni ya kizazi kipi? Tatu, je, saa, majira na jina vinalingana? Nne, je, siri iliyoko katika programu ndiyo iliyoko kwa mwenyeji, na je, akaunti haijafungwa au kwisha muda? Tano, baada ya kuingia, je, idhini ya kuandika ipo? Wengi huanzia swali la nne kwa sababu ujumbe wa kosa hutaja kuingia, ilhali masharti ya maswali matatu ya kwanza yakikosekana nenosiri sahihi halifai kitu.

Jaribio la mkono nalo lina mtego wake. Fundi hufungua folda ya kifaa kutoka kwenye seva, inafunguka, naye hukata shauri kwamba kifaa hakina kosa. Lakini alichokijaribu ni utambulisho wake mwenyewe, ilhali programu huendeshwa kwa akaunti ya huduma. Tena Windows hairuhusu kikao kimoja kiunganishwe na seva ileile kwa majina mawili tofauti, hivyo muunganisho uliobaki wazi wa mtu mmoja huweza kumzuia mwingine. Jaribio lenye maana ni lile linalofanywa kwa akaunti ileile, kwa jina lilelile la kifaa, na kutoka kwenye mashine ileile inayofanya kazi usiku.

Hatimaye, kila sharti linalolegezwa kwa ajili ya uchunguzi linapaswa kuandikwa na kurudishwa. Kuwasha itifaki ya zamani kwa dakika kumi ili kujua kama ndiyo inayokosekana ni uchunguzi. Kuiacha ikiwaka kwa sababu nakala imepita ni kuahirisha hasara na kuiongeza. Kifaa kisichoweza kusasishwa kinahitaji kutengwa na kupangiwa siku ya kustaafu, badala ya kuwafanya wengine wote wazungumze lugha yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kukataliwa kwa programu ya nakala rudufu ni nadra kuwa suala la nenosiri peke yake. Nenosiri la mwaka 1961 lilidhani mgeni ni mtu. NFS ilidhani majirani wanajuana. NDMP ilidhani msimamizi atakumbuka kwamba kuna milango miwili. Kerberos ilidhani saa zote zinakwenda pamoja. LAN Manager ilidhani hakuna adui ndani ya jengo. Dhana hizo zote zingali ndani ya mitandao ya leo, zikiwa zimelaliana. Mafunzo ya mafundi katika vyuo vya ukanda huu yatanufaika endapo yatafundisha historia hii pamoja na amri za kuandika kwenye kioo cha kompyuta, na kwa Kiswahili kinachotenganisha utambulisho, uthibitishaji na idhini. Kuingia kukishafaulu, kazi moja bado haijakamilika: kuirejesha nakala na kuifungua. Akiba haiozi, lakini mwenye akiba hulijua hilo baada tu ya kufungua ghala na kuona kilichomo.